Hawalingani kwa Kipimo cha Nani? Istilahi za Mapenzi katika Filamu ya Vuta N'kuvute

Katika sinema za dunia lipo fungu moja la hadithi ambalo mpaka leo halijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Ni hadithi za wapenzi wawili ambao watu waliowazunguka huona kuwa hawakustahili kuwa pamoja: tajiri na maskini, mtu wa mjini na mtu wa shamba, kijana wa jamii hii na binti wa jamii ile. Titanic, filamu ya Kimarekani iliyotolewa mwaka 1997, ni mfano ambao hata wasiopenda sinema wanaufahamu: binti wa daraja la kwanza na kijana wa daraja la tatu ndani ya meli moja. Mfasiri akitakiwa kuieleza hadithi ya namna hii kwa sentensi moja, kalamu yake husita. Mmoja ataandika "wapenzi wasiolingana", wa pili "wasioendana", wa tatu "wasiopatana", na wa nne, akiwa mtu wa pwani, ataandika "wapenzi wasio kufu".

Yaweza kudhaniwa kuwa maneno haya manne ni visawe, na kwamba kuchagua moja ni suala la ladha tu. Sisi hatuoni hivyo. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba kila moja lina kipimo chake na mpimaji wake, na kwamba mwenye kulichagua amekwisha kutoa hukumu kabla picha haijaanza. Hukumu hiyo si jambo dogo, maana maneno hayo hayo hutoka katika ukumbi wa sinema yakaingia darasani, katika baraza la kata na katika faili la ofisi.

Filamu tutakayoitumia ni Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwezi Septemba 2021. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi yenye jina hilo hilo, iliyochapishwa mwaka 1999, ambayo walimu wetu wa kidato cha 5 na cha 6 wanaijua kwa kuifundisha. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka filamu hii kushindania tuzo ya Oscar katika fungu la filamu za kimataifa. Kabla yake ni filamu moja tu ya Tanzania iliyokuwa imepelekwa, nayo ni Maangamizi ya mwaka 2001.

Aidha, tumeonelea vema tumweke mbele yetu mtazamaji mmoja wa kufikirika, naye awe mwalimu wa Kiswahili wa Ringwani, katika mkoa wa Mara, upande wa wilaya za Tarime na Serengeti. Sababu yetu ni hii. Istilahi nyingi hupimwa Dar es Salaam na Unguja, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya kitandani na ya jikoni. Ringwani mtoto huanza na Kingoreme au Kikurya kwa mama yake, na Kiswahili hukikuta shuleni, sokoni, kanisani na redioni. Neno likisimama imara Ringwani, litasimama karibu popote nchini. Likiyumba huko, yafaa tujue linayumba wapi.

Kisa chenyewe

Tuanze na kisa, kwa ufupi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, nchi ikiwa chini ya himaya ya Uingereza. Yasmin ni binti wa jamii ya Kihindi, naye anaikimbia ndoa aliyopangiwa na wakubwa wake. Katika riwaya mume huyo, Raza, ni mtu wa jamii yake, mwenye duka, na mwenye umri wa kutosha kuwa baba yake. Yasmin anapata makao kwa Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, maskini wa mali na tajiri wa moyo. Huko anakutana na Denge, kijana Mwafrika, msomi, aliyejitia katika harakati za siri za kuung'oa ukoloni. Mapenzi yao yanakua huku polisi wa kikoloni wakimwinda Denge, na huku jamaa zake Yasmin wakimhesabu kuwa amepotea.

Kuna, basi, wapenzi wawili katika kisa hiki, na kuna pia mume aliyekataliwa. Hili ni jambo la msingi kwa hoja yetu. Tukisema kwa haraka kuwa filamu hii yahusu "watu wasiolingana", msikilizaji ana haki ya kutuuliza: akina nani hao? Yasmin na Denge, au Yasmin na Raza? Kipimo kimoja chatoa jibu la kwanza, na kipimo kingine chatoa jibu la pili. Neno likificha kipimo, swali halijibiki.

Jina la filamu

Kabla ya kuyashika maneno hayo manne, hatuna budi kulitazama jina, kwa sababu ndani yake mna fundisho. Vuta n'kuvute ni ufupisho wa "vuta nikuvute". Ritifaa yatuonyesha kuwa irabu imedondoshwa kama inavyodondoshwa katika usemi wa haraka. Sehemu ya kwanza ni amri kwa nafsi ya pili. Sehemu ya pili imebeba mtenda ni- na mtendwa -ku-. Kwa maneno mengine, jina lote ni usemi wa mtu mmoja akimwambia mwenzake: wewe vuta, nami nikuvute. Watu wawili wanasemezana, uso kwa uso.

Katika matumizi ya kawaida usemi huu umekuwa nomino ya mzozo. Magazeti huandika kuwa kumekuwa na vuta nikuvute baina ya chama na serikali, au baina ya mwajiri na wafanyakazi. Lakini kitenzi vuta kina maana nyingine ambayo kila Mswahili anaijua: mtu mwenye sura njema huvuta, ana mvuto, na wawili wakipendana twasema wamevutiana. Hivyo jina la riwaya, na la filamu baada yake, lina kamba mbili. Moja ni ya mapambano: nchi na mkoloni, binti na jamaa zake. Ya pili ni ya mapenzi. Mwandishi hakuhitaji kuzitenganisha, kwa kuwa lugha yenyewe ilikwisha kuzifunga pamoja.

Huko nje filamu hii yajulikana pia kwa jina la Kiingereza, Tug of War. Jina hilo ni sahihi kwa maana ya mchezo wa kuvutana kamba. Hata hivyo limepoteza mambo mawili. Kwanza, nafsi mbili zimetoweka. Hakuna tena mimi wala wewe, kuna mchezo tu na timu zake. Pili, mvuto umetoweka; lililobaki ni vita. Hatusemi haya ili kumlaumu mfasiri, kwani huenda hakuna jina lingine la Kiingereza ambalo lingebeba yote. Twayasema ili tukumbushane kwamba njia hupotea pande zote mbili. Kama Kiingereza hakikuweza kuchukua kamba zetu mbili, yafaa nasi tusiharakie kuchukua neno moja la Kiingereza lililochanganya mambo ambayo Kiswahili kiliyatenga.

Kufu

Sasa tuyashike maneno. Tuanze na kufu, ambalo ni kongwe na zito kuliko yote. Limetoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu hutaja usawa unaotazamwa baina ya mume na mke katika mambo kama ukoo, dini na kazi. Katika Kiswahili cha pwani limepanuka, likawa ni hadhi kwa jumla: fulani si kufu yangu, yaani si wa kiwango changu.

Mpimaji wa kufu ni nani? Si wapenzi. Ni walii, ni wazee, ni ukoo. Kwa kipimo hicho Raza ni kufu ya Yasmin: ni wa jamii yake, ni mwenye mali, ni mtu wa heshima. Denge si kufu yake hata kidogo. Umri wa mume, unaomtisha mtazamaji wa leo, si jambo ambalo wakubwa wa Yasmin walilitia katika mizani. Ndiyo maana twasema neno kufu lafaa sana kuieleza filamu hii, ila kwa sharti moja: litumike kama neno la jamaa wa Yasmin, si kama neno letu. Mhakiki akiandika "Denge na Yasmin si kufu" bila kusema ni nani asemaye hivyo, amejiunga na baraza la wazee lililomfukuza binti.

Je, Ringwani neno hili litasimama? Twadhani mwanafunzi atalikuta kitabuni akalikariri kwa ajili ya mtihani. Halina mizizi katika maisha ya huko. Ila jambo lenyewe halitakuwa geni kwake. Katika jamii za Mara ndoa imekuwa kwa muda mrefu ni mapatano ya koo mbili, na ng'ombe wa mahari ndio shahidi wa mapatano hayo. Mara nyingi ng'ombe waliokuja kwa ajili ya binti ndio wanaomwoza kaka yake. Mwalimu akieleza kuwa kufu ni kipimo cha ukoo kabla ya kuwa kipimo cha moyo, darasa zima litamwelewa bila ya msaada wa kamusi.

Kulingana na kuendana

Neno la pili ni kulingana. Hili ni neno la mizani na la ukanda wa kupimia. Vitu hulingana kwa urefu, kwa uzito, kwa bei. Watu hulingana kwa umri, kwa elimu, kwa kipato. Uzuri wake ni kwamba halina chuki. Udhaifu wake ni kwamba halijitoshelezi: mtu akisema "hawalingani" akanyamaza, sentensi yake haijakwisha. Hawalingani nini?

Hapa Ringwani yatufundisha jambo. Miongoni mwa Wakurya na jirani zao rika si neno la mazungumzo tu. Ni mpango wa jamii nzima, unaomweka kila mtu mahali pake kwa wenzake aliotahiriwa nao. Kwa sababu hiyo twaona ni rahisi kwa mtazamaji wa huko, akisikia kuwa mume na mke "hawalingani", kufikiri kwanza habari ya umri. Atamwona Raza, mzee, na Yasmin, kigori, na atasema kweli hawa hawalingani. Denge na Yasmin, vijana wawili, atawaona wamelingana vizuri. Mfasiri wa Dar es Salaam aliyeandika "wapenzi wasiolingana" akimaanisha Denge na Yasmin atakuwa ameeleweka kinyume kabisa. Wala mtazamaji hakukosea. Kosa ni la sentensi iliyoachwa bila kijalizo.

Kuendana ni neno jepesi zaidi. Viatu huendana na nguo, kitoweo huendana na wali. Kwa watu hutaja tabia na mwonekano. Twaona lina nafasi yake katika hadithi za kuchekesha, ambapo msafi amependana na mchafu, au mwenye haraka ameoa mzembe. Kulitumia kwa filamu ambayo ndani yake mtu anafungwa na mwingine anakataliwa na jamaa zake ni kuishusha hadhi.

Kupatana na kuoana

Neno la nne, kupatana, pamoja na ndugu yake kuelewana, lina mpimaji tofauti na yote yaliyotangulia. Hapa wapimaji ni wale wawili wenyewe. Hakuna mzee wala jirani awezaye kusema kwa yakini kama wawili wanapatana, wanajua wao.

Kiswahili kina neno zuri linalosimama katikati, nalo ni kuoana. Kwa maana ya kwanza ni mume na mke kufunga ndoa. Kwa maana ya pili ni vitu kuafikiana: rangi hizi zaoana, maneno yake na vitendo vyake havioani. Tukumbuke pia kwamba katika sarufi yetu mume huoa na mke huolewa. Mmoja ni mtenda na mwingine ni mtendwa. Ni katika kauli ya kutendana tu ndipo wote wawili wanapokuwa watenda. Yasmin aliolewa na Raza. Twaweza kuuliza kwa haki kama waliwahi kuoana. Swali hili haliwezi kuulizwa kwa ufupi namna hiyo katika kila lugha. Katika Kiswahili lauliza lenyewe, na twashangaa kuwa wahakiki hawalitumii.

Kutokana na hayo twaweza sasa kusema filamu ya Vuta N'kuvute inahusu nini, kwa maneno yetu wenyewe. Inahusu binti aliyetoka kwa mtu ambaye ni kufu yake na hawapatani, akaenda kwa mtu wanayepatana na si kufu yake. Msomaji atazame: sentensi hiyo isingewezekana kama maneno hayo mawili yangekuwa visawe.

Ng'ambo

Lipo neno jingine ambalo filamu hii hulibeba bila kulieleza, nalo ni Ng'ambo. Kwa mtazamaji wa ugenini hilo ni jina la mtaa tu, kama jina lolote la mtaa. Kwa Mswahili ni nomino yenye maana: upande wa pili wa maji. Mji Mkongwe wa Unguja ulitenganishwa na mitaa ya watu maskini kwa mkono wa bahari, na upande huo wa pili ukaitwa hivyo. Yasmin, anapokwenda kwa Mwajuma, amevuka. Jina la mahali limekwisha kumweleza hali yake mpya.

Mtazamaji wa Ringwani hahitaji tanbihi hapa. Mto Mara wapita baina ya nchi ya Tarime na nchi ya Serengeti, na mtu wa huko anajua maana ya kuwa na jamaa, mchumba au adui ng'ambo ya mto. Tunalitaja hili kwa sababu mara nyingi hudhaniwa kuwa Kiswahili cha Kiunguja ni kigumu kwa watu wa bara, na kwamba filamu kama hii yapaswa kurahisishwa. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Misamiati michache ya mtaani itamsumbua mwanafunzi, ni kweli. Lakini maneno makubwa ya kisa, kama kuvuka, kuvuta, kukimbia na kukataa, ni mali yake kama ilivyo mali ya mtu wa Ng'ambo.

Sifa na upungufu wa filamu

Hatutaki kuacha kuisema filamu yenyewe. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba inakiamini Kiswahili. Wahusika hawasimami kumweleza mgeni maana ya maneno yao. Wanasema kama watu wanaojuana. Mwajuma, aliyeigizwa na msanii wa muziki Siti Amina, amepewa usemi wenye chumvi na huruma kwa pamoja, na kila anapoingia lugha huchangamka. Ni ushahidi kwamba mwigizaji aliyekulia katika lugha hahitaji kufundishwa mahadhi yake.

Upungufu tunaouona unatokana na maneno tuliyokwisha kuyachambua. Filamu imeonyesha kuvutiana kwa Yasmin na Denge kwa ufundi mkubwa wa mwanga, kimya na macho. Kupatana kwao imekuonyesha kwa uchache. Riwaya, iliyo na nafasi ya kurasa nyingi, yatuwezesha kuwasikia wakibishana, wakifundishana na kukosana, hata tukaelewa ni kwa nini binti wa duka na mtu wa siasa wakawa na la kuambiana. Filamu, iliyo chini ya saa mbili, mara nyingine yatutaka tuamini tu. Mwalimu mwenye darasa la kidato cha 6 atafanya vema kuwauliza wanafunzi wake: ni katika tukio gani mlijua kuwa hawa wanapatana, na si kuvutiana tu? Majibu yatakuwa uhakiki tosha.

Mpenzi, mchumba, hawara

Yapo pia majina ambayo mfasiri humpa mtu, nayo yana hukumu zaidi kuliko sifa. Mwanamke aliye na mwanamume bila ndoa aweza kuitwa mpenzi wake, mchumba wake au hawara yake. Mchumba ana ahadi, na kwa kawaida ahadi hiyo yajulikana kwa wazee. Mpenzi ana moyo tu. Hawara amekwisha kuhukumiwa. Jirani mwenye chuki, akimwita Yasmin hawara wa Denge, anasema kama jirani mwenye chuki, na ni sawa asikike hivyo. Mfasiri anayeandika muhtasari wa filamu hana ruhusa hiyo.

Mkoa wa Mara wenyewe umetoa mfasiri aliyejua uzito wa jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi, na ikachapishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Neno bepari liliwahi kuwa na maana ya mfanyabiashara. Katika miaka hiyo lilikuwa limekwisha kubeba lawama ya unyonyaji. Kwa neno moja tamthilia nzima ilipata mwanga mpya. Ndani ya tamthilia hiyo hiyo wamo wapenzi wa fungu letu: Jessica, binti wa Myahudi mkopesha fedha, anayetoroka na Lorenzo, Mkristo. Mwalimu alichagua akijua anachagua. Tunachowaomba wafasiri wetu ni hicho hicho: wachague wakijua.

Kutoka sinema hadi ofisini

Huenda afisa mmoja akasema kuwa haya ni mambo ya wapenda sinema, hayamhusu. Tumwombe atuvumilie kidogo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani. Wajumbe wa baraza husikiliza kwa Kiswahili, na taarifa yao huandikwa kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama pia. Basi tuchukue taarifa ya kubuni kuhusu binti aliyeozwa akiwa na miaka 15 kwa mwanamume wa miaka 50, naye akakimbilia kwa shangazi yake. Katibu aweza kuandika: "Mume na mke hawapatani." Aweza kuandika: "Mume na mke hawalingani umri." Aweza kuandika: "Mke aliozwa bila ya hiari yake."

Sentensi ya kwanza yagawa kosa nusu kwa nusu, na dawa yake ni nasaha: rudini nyumbani mkapatane. Ya pili yataja jambo la kweli, ila yalifanya kuwa bahati mbaya, kama mvua iliyochelewa. Ya tatu yamtaja aliyeoza. Faili ni moja, binti ni yule yule, na hatima yake yaweza kufuata kitenzi kilichoandikwa. Sheria hiyo ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Hoja zote za mashauri hayo zazunguka jambo lile lile linaloendesha kisa cha Yasmin: ni nani mwenye haki ya kusema ndiyo.

Pendekezo letu

Linabaki swali tuliloanza nalo: fungu hili la filamu tuliiteje? Pendekezo letu ni kwamba tusilibuni neno moja, kwa kuwa mafungu yenyewe ni mawili.

La kwanza ni la filamu ambazo wapenzi wanapatana na watu wengine wanawazuia. Hizi twapendekeza ziitwe filamu za mapenzi yenye pingamizi. Neno pingamizi linajulikana hata vijijini. Tangazo la ndoa linaposomwa kanisani au kubandikwa ofisini, mwenye pingamizi hutakiwa ajitokeze. Uzuri wa neno hili ni kwamba humlazimisha mwenye kupinga asimame na kutaja sababu yake. Vuta N'kuvute ni ya fungu hili, na Titanic pia.

La pili ni la filamu ambazo hakuna anayewazuia wapenzi, ila wao wenyewe wanashindwa. Mfano mashuhuri ni The Way We Were, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1973, ambayo ndani yake mwanamke wa siasa kali na mwandishi mpenda raha wanapendana kweli, wanaoana, kisha wanaachana. Hao ni wapenzi wasiopatana, na jina hilo lawatosha.

Kwa maneno yaliyosalia twashauri hivi. Kufu litumike pale tu ambapo kipimo ni cha ukoo, dini au hadhi, na mpimaji atajwe. Kulingana lisiachwe bila kijalizo: wasiolingana umri, wasiolingana elimu, wasiolingana mali. Kuendana libaki kwa tabia na mwonekano. Kuoana kwa maana ya kuafikiana lirudishwe katika uhakiki, kwani ni hazina tuliyoisahau. Na hawara lisitoke kinywani mwa mfasiri ila pale ambapo mhusika mwenyewe amelitamka.

Mwalimu wetu wa Ringwani, akiwa na maneno hayo, ataweza kuifundisha filamu hii bila ya kuwaambia wanafunzi wake nani wa kulaumiwa. Atawapa vipimo, nao watapima. Wasomaji wetu walio katika mabaraza, mashuleni na maofisini twawaomba watuandikie: ni neno gani litumikalo kwenu kwa wapenzi ambao wazee wamewakataa, na ni lipi kwa wale waliokataana wenyewe? Kama kwenu maneno hayo ni mawili, hoja yetu itapata shahidi. Kama ni moja, tutafurahi zaidi kulisikia.